Nimekuta tiketi ya Woodstock 1969 kwenye sanduku la marehemu mzee. Alienda au hakwenda?

MtotoWaBwanaMifugo

Wakuu heshima kwenu. Naomba mnisaidie hili jambo maana wiki nzima linanizungusha kichwa.

Mzee wangu alifariki mwaka juzi. Alikua bwana mifugo wa serikali maisha yake yote, mtu wa Bukoba, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na mkali wa kupitiliza, yaani redio ikipiga muziki kwa sauti anatoka chumbani anakuja sebuleni anaizima anarudi chumbani bila kusema neno hata moja. Mimi nikiwa chuo nilifuga rasta, nikaja nazo likizo, akakataa kukaa meza moja na mimi siku 4. Siku ya 5 nikaenda kunyoa mwenyewe.

Sasa juzi tulikua tunagawana vitu, mama akavuta lile sanduku la bati la chini ya kitanda ambalo toka nizaliwe sijawahi kuona likifunguliwa. Ndani kuna vyeti vyake (alisoma Marekani, jimbo la New York, mambo ya ng'ombe wa maziwa, 1966 mpaka 1970), daftari la kurekodi maziwa, picha tatu, mbili kati ya hizo ni za ng'ombe, halafu suruali ya BUGALUU rangi ya ugoro, mguu wa chini unaingia watu wawili. Tulicheka mpaka mama akakasirika akaichukua. Halafu chini kabisa bahasha ya posta, ndani tiketi. Imeandikwa Woodstock Music and Art Fair (lile tamasha kubwa la muziki la Marekani), Jumamosi 16 Agosti 1969, dola 7. Nzima kabisa haijachanwa popote.

Kaka yangu anasema kama haijachanwa basi hakwenda, alinunua akashindwa kwenda kama watu wanavyonunua tiketi za mpira. Mama anasema hajui lolote, walioana 1973. Mimi nashindwa kabisa kumuweka yule mzee kwenye ile picha ya watu wamevua mashati kwenye matope. Kuna mtu humu alikuwepo enzi hizo au ana ndugu aliyekuwepo anieleze ilikuaje?

Chuma_Chakavu

Mkuu pole kwa msiba ila usijipe matumaini sana. Zile tiketi zilibaki nyingi mno hazikutumika na baadae zikawa zinauzwa kama ukumbusho, mzee anaweza kua aliinunua hata mwaka mmoja baadae. Alafu walioenda Woodstock ni wachache kuliko wanaosema walienda, ni kama watu wa Dar walioshuhudia uhuru pale uwanjani 1961, ukiwahesabu wote uwanja ungepasuka.

Ila usiitupe. Ukitaka kuuza njoo tuongee.

MzeeWaKisauni

Assalaam alaikum. Pole mwanangu kwa kufiliwa na baba. Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa, umri wangu 79, na anayechapa haya ni mjukuu wangu wa kike, mimi nasema yeye anachapa, kwa hivo makosa ya herufi ni yake (babu uongo huo).

Mimi nilifika. Si kwa ushabiki, nilifika kwa kuvutwa tu.

Mwaka 1969 nilikuwa nasoma New York mjini, mchana chuo, usiku naosha masahani jikoni kwa hoteli moja. Kulikuwa na Mpuertoriko tukiosha naye, ana gari, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, akanambia Ijumaa twende shamba tukasikize muziki. Nikamwambia kwetu Kisauni ni minazi mitupu, mimi nimepanda ndege kukimbia shamba, wewe wanirudisha shamba? Lakini nikaenda.

Kwanza jina lenyewe ni la kudanganya watu. Woodstock ni mji mwingine. Ile shughuli ilifanywa Bethel, kama maili 40 kutoka huko. Walitaka kufanya mahali paitwa Wallkill, wenyeji wakawakataza ilhali imebaki mwezi mmoja, ndipo mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa jina lake Max Yasgur akawakodisha konde lake. Sasa kuhama kule ndiko kulikofanya tiketi ya babako ikae nzima hivo, nisikize vizuri. Siku hazikutosha. Ikabidi ama wamalize jukwaa ama wamalize ua, wakamaliza jukwaa. Ua ukabaki nusu, vibanda vya kukatia tiketi havikusimama, na watu washaingia kwa maelfu toka Jumatano washalaza blanketi zao mbele ya jukwaa. Utawatoaje? Wakatangaza ni bure. Walikuwa wameshauza tiketi 186,000, wakaja watu zaidi ya laki nne. Mimi sikuwa na tiketi sikuulizwa, na aliyekuwa nayo hakuulizwa vilevile. Kwa hivo huyo kaka yako mwambie tiketi nzima haimuondoi baba yake pale. Mimi ningeiona imechanwa ndo ningeshuku.

Barabara ya 17B magari yamesimama kama foleni ya feri Likoni siku ya Idi, lakini Likoni angalau husonga. Tukaliacha gari kando ya barabara kama wenzetu, tukatia miguu. Tulifika usiku, mvua yaanza kunyunyiza, na kitu cha kwanza kuingia masikioni mwangu ni sitari. Wallahi nikasimama. Giza, mvua, wazungu wamejitia ndani ya mablanketi mpaka upeo wa macho, na sitari yalia kama niko Biashara Street jioni nje ya duka la Mhindi anafunga hesabu. Alikuwa ni Ravi Shankar mwenyewe, yule mpiga sitari wa Kihindi. Nikamwambia mwenzangu huu muziki naujua toka utotoni, kanitazama kama nimeshaanza kuvuta.

Muziki wengi wenu mmeuona kwa filamu, siwaelezi. Nitasema tu Santana Jumamosi mchana, vijana wadogo hata santuri yao ya kwanza haijatoka, ilitoka mwisho wa mwezi ule, lakini zile ngoma! Mpuertoriko wangu alilia machozi. Sly na wenziwe walipanda usiku wa manane kuamkia Jumapili, watu wamelala kwa matope wakaamshwa wote.

Njaa sasa. Jumamosi chakula kimekwisha. Jumapili asubuhi wakapita wale mahipi wa Hog Farm, watu waliokuwa wakiishi pamoja wanakula chungu kimoja, wakagawa vikombe vya karatasi ndani yake mna shayiri kavu na zabibu kavu. Ndiyo hiyo granola mnayouziwa supamaketi leo kwa bei ya nyama. Mimi nikaona hiki ni chakula cha farasi. Nikala vikombe viwili.

Alasiri yake, Joe Cocker kamaliza tu kuimba, ikaja dhoruba. Na yale matope si matope ya mvua peke yake mwanangu, lile ni konde la ng'ombe, naomba utie akilini. Nilikuwa na viatu vya ngozi, jozi ndo hiyo moja niliyokuwa nayo Marekani nzima. Cha kushoto kikamezwa. Nikatia mkono mpaka kiwiko, nikapapasa, nikapata kitu nikavuta, nikatoa ndala ya mtu mwingine. Nikaivaa.

Watu huuliza habari ya bangi, na huyu mjukuu naona amesita kuchapa. Ilikuwako, na mengine makali kushinda bangi, jukwaani walitangaza kwa kipaza sauti watu wajihadhari na ile LSD ya rangi ya kahawia si nzuri. Mimi sikugusa, na sitaki sifa ya ucha Mungu. Ilikuwa ni viza. Viza yangu ya mwanafunzi nilikuwa nayo mfukoni nimeifunga kwa karatasi ya nailoni. Nauli yangu ya ndege mtaa mzima ulichanga, kuna mama aliuza mbuzi. Mtoto wa kizungu akishikwa babake anapigiwa simu. Mimi nikishikwa napandishwa ndege, niende nikamwambie nini yule mama kuhusu mbuzi wake? Wale vijana walikuwa wakisema wameacha kila kitu, wameacha shule, wameacha nyumba kubwa za baba zao. Sawa. Mimi kitu cha kuacha nilikuwa sijakipata bado.

Niliondoka Jumapili usiku kwa sababu Jumatatu alfajiri nina zamu. Jimi Hendrix akapanda Jumatatu asubuhi mbele ya watu elfu thalathini arubaini waliobaki, akaupiga ule wimbo wao wa taifa kwa gitaa mpaka gitaa likalia kama mabomu yaanguka. Saa hiyo mimi nasugua sufuria, mguu mmoja kiatu mmoja ndala.

MtotoWaBwanaMifugo

Mzee shikamoo!! Nimesoma mara tatu. Mjukuu pia asante kwa kuchapa.

Kwa hiyo tiketi kua nzima ni kawaida kabisa, kaka nimemtumia hii post kasoma kanyamaza. Ila bado swali langu liko palepale, mbona hakuwahi kusema? Miaka yote ile. Kitu kama hicho mtu unakificha kwa nini?

MamaTabata

Mwanangu ngoja nikujibu mimi hilo la kuficha, maana huyo mzee wa Mombasa anaongelea Marekani ila baba yako alirudi HUKU, na huku ilikuaje wengi hamjui.

Mimi 1968 nilikua karani mchapaji mjini Dar, msichana wa miaka 20, nina sketi mbili fupi na wigi moja nililokopa kwa awamu tatu. Oktoba mwaka ule Umoja wa Vijana wa TANU wakatangaza Operesheni Vijana, ikifika tarehe 1 Januari 1969 ni marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana na mikorogo ya kujichubua. Lakini watu hawakusubiri Januari. Mwezi uleule wa kumi Kariakoo vijana wakawa wanasimamisha mabasi wanashusha wasichana, wengine wanachaniwa nguo palepale, mpaka polisi wakaja. Mimi nilivuka Msimbazi nimejifunga khanga ya mama muuza karanga nisiyemjua, nikairudisha kesho yake imefuliwa. Jumapili nikakaa nikashona upindo kuongeza zile sketi kwa kitambaa cha pazia, rangi haikufanana, nikaenda nazo kazini hivyohivyo.

Kaka yangu yeye ugonjwa wake ulikua James Brown. Alikua anaenda bugi mchana, lile dansi la vijana, anarudi shati limelowa. Novemba 1969 mkuu wa mkoa akapiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam. Kaka akahamishia santuri zake chini ya gunia la mkaa, mama akauza mkaa na santuri mbili akidhani ni vifuniko vya kitu.

Sasa hebu mfikirie baba yako. 1970 anashuka uwanja wa ndege, kijana wa serikali, kasomeshwa aje ainue maziwa ya nchi. Aanze kuwaambia wakubwa zake kwamba alilala siku tatu kwenye matope na watu wa nywele ndefu? Hapa kwetu neno halikuwa hipi. Neno lilikua MHUNI. Na ukishaitwa mhuni ofisini basi faili lako lina harufu.

Kilichokua kinaniuma mimi hata wakati ule ni kwamba wale watoto wa Marekani walivaa vile kuikataa serikali yao na vita vyake vya Vietnam, sisi tukivaa vilevile tunaambiwa tunaitumikia serikali hiyohiyo. Nilimuuliza bosi wangu akaniambia chapa barua.

MwanaAmu

Nyie mwasafiri kuwatafuta mahipi, sisi Lamu walituya wenyewe. Mimi nalikuwa mtoto, miaka ya mwanzo ya sabini, wakija na basi mpaka Mokowe kisha boti. Bibi yangu akiwakodisha dari, wakilala juu huko na nyota zao, asubuhi wateremka hawana viatu. Sisi watoto twafuata nyuma twahesabu vidole vya miguu vyao. Hatukuelewa, mtu ana pesa ya ndege atembeaje pekupeku kwa hiari yake na punda wamepita.

Bibi hakuwa na neno nao ila moja, asiyejisitiri hatoki mlangoni mwake. Alikuwa na leso moja kuukuu kaitundika kwa msumari kando ya mlango, msichana wa kizungu akitoka nusu uchi amfunga kiunoni mwenyewe, amkaza fundo, ampiga kofi dogo la makalio, haya enda. Mmoja alipokosa kodi aliacha saa ya mkono. Bibi akaivaa mpaka alipokufa na hakuwa ajua kusoma saa.

Wazee wa msikitini walilalamika kuhusu kuoga uchi pwani ya Shela, na walikuwa na haki. Lakini nasema kweli, wale walikaa chini wakala na sisi kwa mkono. Watalii wa sasa wapita tu na simu.

Chuma_Chakavu

Huu uzi umekua mtamu mpaka nimesahau nilichokuja kupinga 😂 ila Mzee wa Kisauni una swali langu, watu weusi mlikua wangapi kule Bethel? Kwenye filamu naona jukwaani wapo ila kwa watazamaji natafuta kwa tochi.

MzeeWaKisauni

Umeuliza vyema Chuma. Tulikuwa wachache sana. Ukimuona mwenzio mbali mwapungiana mikono kama mabaharia.

Na nitakwambia jambo ambalo wajukuu zangu hawaniulizi, wao ni Woodstock, Woodstock. Msimu ule ule wa joto, kulikuwa na tamasha Harlem, Mount Morris Park, Jumapili sita kuanzia mwisho wa Juni mpaka Agosti, bure, na kwa jumla wakaja watu kama laki tatu. Kutoka chumbani kwangu ni treni dakika ishirini. Hakuna matope. Mama wauza kuku wa kukaanga, wazee wamevaa kofia zao za kanisani, watoto wamekaa juu ya miti. Mimi nilikuwako tarehe 20 Julai, siku ile Wamarekani walipotua mwezini, Stevie Wonder bado kijana wa miaka 19 apiga ngoma kwa mikono yake, na watu pale waliulizwa habari ya mwezi, wakasema zile pesa zingelisha watu Harlem. Mimi nikapiga makofi.

Sasa sikiza balaa yangu. Jumapili ya tarehe 17 Agosti Harlem kulikuwa na nani? Nina Simone. B.B. King. Na Hugh Masekela, Mwafrika wa Kusini na tarumbeta lake, kijana wa kwetu bara hili. Na mimi Jumapili hiyo hiyo niko Bethel natafuta kiatu. Nimemkosa Masekela Jumapili nikamkosa Hendrix Jumatatu, wikiendi moja. Zile picha za Harlem zilipigwa filamu zote vizuri, nyingi hazikutakiwa na mtu, zikakaa ndani kama miaka 50 mpaka 2021 zikatolewa. Nilizitazama na huyu mjukuu sebuleni, nikawa natafuta shati langu kwa umati (babu alisimamisha filamu mara kumi na moja nilihesabu).

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, tarehe mosi, wakaanza kuchagua wa kwenda Vietnam kwa bahati nasibu. Waliweka tarehe za kuzaliwa ndani ya vidonge vya plastiki, wakavitia ndani ya chombo cha gilasi, wakawa wanachomoa moja moja. Ya kwanza ikatoka 14 Septemba. Tulikuwa tumekaa kwa runinga ya pamoja pale bwenini, wazungu watupu na mimi, hakuna anayecheka. Mimi tarehe yangu ya kuzaliwa niliandikiwa na mwalimu darasa la kwanza, aliniangalia tu meno akaandika 1 Januari. Nikawa nawaza, huku tarehe yaweza kumuua mtu. Kijana wa chumba cha pili yake ikatoka mapema mapema. Akainuka akaenda kufua nguo zake zote, usiku ule, mpaka shuka. Baadaye alivuka kwenda Kanada, sikumsikia tena.

Basi. Mwanangu wa Bukoba, nakurudia wewe. Umesema babako alisomea ng'ombe wa maziwa, jimbo lilo hilo. Huoni? Huyo Max Yasgur alikuwa mmoja wa wazalishaji wakubwa wa maziwa upande ule, mwanafunzi wa maziwa lazima alilijua hilo jina. Na huyo mzee hakuwa hipi hata kidogo, alikuwa mtu wa kihafidhina, vita aliviunga mkono. Mwaka ule mvua ilizidi, majani ya kukausha yakaharibika, akakodisha konde apate pesa ya kununulia ng'ombe wake majani. Majirani wakasimamisha kibao kwamba watu wasinunue maziwa yake. Kile kibao ndicho kilichomtia hasira akasema basi tamasha litafanywa. Na watu walipokosa maji aliyagawa bure, na maziwa akagawa. Jumapili alipanda jukwaani akasema nao maneno machache, mkulima wa miwani, mkono mmoja una vidole vimekatika. Laki nne wakamshangilia kushinda wanamuziki wengine.

Nami nauliza, babako hakuwahi kusema neno la shamba? Usitafute muziki. Tafuta ng'ombe.

MtotoWaBwanaMifugo

Mzee umenifanya nisimamishe gari pembeni ya barabara nikajibu.

Kuna kitu. Nilikua darasa la tano au la sita. Nyumbani tulikua na kiploti cha majani ya tembo, mzee alikua anakitunza kuliko sisi, anapalilia mwenyewe na suti za kazini. Sasa siku moja watoto wa mtaa mzima na sisi tukiwemo tulikosa uwanja, tukaingia kwenye ile ploti tukacheza mpira toka saa nane. Ikawa kama mkeka, hakuna hata jani lililosimama. Mzee akatokea na baiskeli. Watoto wote wakaruka ua, tukabaki mimi na kaka maana sisi tutakimbilia wapi na nyumbani ni palepale. Nikajua leo nakufa.

Alisimama akaangalia yale majani muda mrefu sana. Halafu akasema, kwa Kiswahili, na sisi alikua anatugombeza kwa Kihaya siku zote, akasema nimeona shamba la mfugaji mmoja likikanyagwa na watu laki nne, siku tatu, na mwenyewe akawagawia maziwa. Akaingia ndani na baiskeli yake. Hakutupiga.

Sisi tulicheka usiku kitandani, kaka akasema mzee kachanganya Biblia, Yesu aliwalisha elfu tano na ilikua mikate sio maziwa. Ikawa utani wetu miaka mingi, mtu akija na wageni wengi nyumbani tunasema "laki nne hao". Tumesema huo utani hata kwenye matanga yake!!!

Nimempigia kaka sasa hivi. Amekaa kimya kwenye simu mpaka salio likaisha.

MamaTabata

Jamani 😭

Chuma_Chakavu

Mkuu inagusa sana, ila sitaki kua mbaya, hiyo laki nne na maziwa angeweza kusoma gazetini. Kila gazeti la Marekani liliandika. Ushahidi bado.

MzeeWaKisauni

Huyo Chuma baba yake alimuumba kwa chuma kweli (babu kasema niandike hivyo hivyo).

Mwanangu, ile suruali ya bugaluu. Suruali yangu ya Bethel niliifua mara sita ikatoka safi, miaka miwili baadaye fundi akafumua upindo wa chini anipunguzie, yakamwagika mezani, udongo mwekundu mkavu na majani ndani yake. Upindo huficha kitu na haufuliki. Chukua wembe, fumua uzi taratibu wa mguu mmoja, ndani ya upindo, juu ya karatasi nyeupe. Kama imekaa sandukuni toka 1970 haijavaliwa na mtu, basi kila kitu kimo mumo.

MtotoWaBwanaMifugo

Mzee nimefika nyumbani mbio.

Mama siku ile alipotunyang'anya ile suruali alikua kashaona upindo umelegea. Kaufumua, kaifua kwa Omo maji mara tatu, kaushona upya kwa cherehani. Sasa hivi iko kwenye kamba nje, inanukia sabuni, na shemeji yangu anasema inamtosha.